Reli Iliyozima Tanuri la Baba

Watu wakisema Mwingereza alituletea maendeleo Singida kwa sababu alituletea reli, huwa nainuka na kuondoka, nisije nikatukana mbele ya wajukuu.

Baba yangu alikuwa mhunzi huku Iramba, upande wa Ulemo. Chuma alikitoa ardhini mwenyewe. Aliujua udongo wa kuchoma na mti wa kutolea mkaa, na kaka yangu ndiye aliyemvutia mivukuto ya kupulizia moto. Jembe la baba lilikuwa zito, lenye shingo nene, na watu walitoka mbali wakiswaga mbuzi ili walipate. Mwanamume aliyetaka kuoa alipita kwanza kwetu, kwa maana mahari bila majembe hayakuwa mahari.

Kisha jumbe akaja na askari, anatafuta watu wa kujenga reli kutoka Manyoni kuja huku kwetu.

"Mimi nina kazi," baba alimwambia.

Jumbe akacheka. "Hiyo si kazi, mzee. Kazi ni ile inayolipa kodi."

Wakamchukua yeye na kaka. Mtu aliyejua kuyeyusha chuma akaenda kubeba chuma cha wengine begani kama punda. Siku moja reli iliwaponyoka wabebaji ikamwangukia baba mguuni. Mnyapara akaamuru asogezwe kando, kazi iendelee. Wanakijiji wenzake ndio waliomleta nyumbani kwa machela, vidole vimepondeka. Kaka hakuja naye. Kambi ile ilipovunjwa alikwenda Tanga kwenye mkonge, akawa manamba, na mama alikuja kufa miaka ya baadaye bila kumwona tena.

Treni ilipoanza kufika, ilileta majembe mepesi, ya kung'aa, yakauzwa katika duka la Mhindi karibu na stesheni. Watu wale wale waliokuwa wakimbembeleza baba awahi kuwatengenezea kabla ya mvua, sasa walipita mbele ya ua wetu wameyabeba begani. Na wanamwamkia! "Shikamoo, mzee." Baba aliitikia marahaba huku akitazama pembeni. Mimi niliwachukia kila mmoja.

Nilipochumbiwa, shangazi wa mchumba wangu aliongoza watu wao kuleta mahari. Wakayapanga majembe uani. Ya dukani. Mwali hapaswi kutoka nje siku hiyo, lakini nilitoka.

"Nyumba ya mhunzi mnaletea majembe ya dukani?"

Mama alinishika mkono anirudishe ndani. Shangazi hakukasirika, akanijibu kwa upole uliozidi kuniumiza: "Sasa mwanangu, mengine tungeyapata wapi? Tanuri la baba yako limeota majani."

Ilikuwa kweli. Baba alilichukua jembe moja, akaligonga kwa ukucha, akausikiliza mlio wake, akaliweka chini. "Yapokeeni," akasema. Nikaolewa nimenuna, na mume wangu, mtu mwema asiye na kosa, aliniona nikinuna karibu mwaka mzima.

Siwezi kudanganya kwamba treni haikutufaa. Bwana shamba alituhimiza kulima karanga, tukalima, tukapeleka magunia stesheni, na tukaacha kutembea siku kadhaa na mizigo kichwani. Ndiyo kwanza tumeanza kuizoea, wakubwa wakasema reli ile haiwalipi. Haiwalipi! Wakaleta watu waing'oe, chuma na mataruma ya chini yake, wavipeleke kwingine. Hakuna aliyekuja kutuuliza. Karanga zetu zikabaki ndani zikitafunwa na panya. Lori lilipita mara moja moja, nalo kwa bei ya kulia. Mhindi akafunga duka akahama, na yale majembe ya kung'aa yalikuwa yamekatika shingo katika mawe ya mashamba yetu.

Hapo ndipo watu wakamkumbuka baba. Wakamletea vipande aviunge. Fuawe yake, ile ya kufulia chuma juu yake, ilikuwa imepasuka, basi nikaenda kwa mnyapara wa wang'oaji, mtoto mgongoni, nimwombe kipande cha reli, hata kifupi kama mkono.

"Mama, hii ni mali ya serikali," alisema.

"Na mguu wa baba yangu ulikuwa mali ya nani?"

Akanitazama kama asiyeelewa. Labda kweli hakuelewa. "Ondoka hapa kabla sijamwita askari."

Baba aliposikia, alinikaripia mimi. "Usirudi kuwaomba tena." Tukaviringisha jiwe gumu kutoka mlimani, akafulia juu yake amekaa, mguu mbovu ameunyoosha. Mivukuto niliivuta mimi. Kwetu mwanamke hakuruhusiwa hata kuisogelea, ila kwa vile walihitaji majembe, wote wakanyamaza. Tuliunga ya zamani, basi. Chuma kipya kilihitaji wanaume wa kuchimba, kuchoma mkaa na kukesha na moto, na wanaume hao walikuwa Tanga. Baba akafa, na leo hakuna anayejua ni udongo upi ule.

Reli ilituachia tuta refu, limekata shamba la mume wangu katikati. Karani wa serikali alikuja kutuonya tusilichimbe, huenda siku moja wakalihitaji. Tulimwitikia vizuri, tukampa na maji ya kunywa. Mvua zilipoanza tukalichimba, mimi na mume wangu, tukapanda uwele juu yake.