Makaburi Tunachimba Sisi

Kwetu Kaole mtu akifa alfajiri, alasiri tayari keshazikwa, na kaburi wanachimba vijana. Wenye kazi wako Dar, hao utawaona jioni msibani, mashati yamepigwa pasi. Tunaobaki mtaani ni sisi tusio na kazi, kwa hiyo tunachimba sana. Nimechoka kuchimba, nasema kweli. Huko chini ni mawe matupu.

Nina rafiki yangu, tumekua uwanja mmoja. Ukimtukana yeye umenitukana mimi, na watu nimeshagombana nao kwa hilo. Kila kukicha tulikuwa tunasimama wote kwenye geti la kiwanda kimoja cha juisi, kule Zinga. Supavaiza anatoka, hakuulizi umesoma nini wala unajua nini. Mimi umeme nimejifundisha mwenyewe kwenye simu, nafunga nyumba nzima, lakini nani ana habari? Yeye ananyoosha kidole tu: wewe, wewe, na yule mrefu. Wengine rudini.

Sasa wiki moja akampenda rafiki yangu. Akamwambia, "Maliza wiki hii bila kukosa hata siku moja, Jumatatu unasaini mkataba." Mkataba! Mtaani kwetu nani ana mkataba? Nilifurahi kumshinda yeye mwenyewe. Nikawatangazia mpaka wasioniuliza.

Alhamisi tuko getini, simu ikaita. Bibi jirani yetu amefariki. Huyo bibi si ndugu wa damu, lakini mama zetu wakienda shamba tulikuwa tunakula kwake, tunalala kwake. Rafiki yangu akageuka kuondoka. Nikamkamata shati.

"Unakwenda wapi?"

"Kuchimba. Kwani wewe huendi?"

"Mimi naenda, wewe unaingia kazini. Nitachimba yangu na yako."

"Watu watasema."

"Wakisema nitawajibu mimi. Ingia bwana, usinitie hasira!"

Akaingia. Mimi nikarudi Kaole, nikashika sururu. Mzee mmoja pale makaburini, nilipomwamkia shikamoo, hata marahaba hakuimalizia.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Kazini, mzee."

"Kazini! Bibi wa watu kamlisha mpaka kaota ndevu, yeye yuko kazini."

"Si ndiyo nyie kila siku mnasema vijana hatutaki kazi? Kaipata moja, sasa aiache?"

Nilitaka kuendelea, wenzangu wakanivuta. Nikapiga sururu mpaka viganja vikachubuka.

Jeneza lilipotoka nyumbani, nikamwona anakuja mbio na mabuti ya kiwandani, jasho linamtoka. Akapenya, akaweka bega chini ya jeneza, mbele yangu.

"Supavaiza kakuruhusu?" nikamuuliza huku tunatembea.

"Kaniuliza, 'Aliyekufa mama yako?' Nikamwambia jirani. Kasema, 'Jirani hazikwi na mfanyakazi wangu.'"

"Ukatoka tu?"

"Ningefanyaje?"

"Mjinga wewe! Nilikwambia nitachimba ya wote wawili!"

"Umechimba. Kubeba je? Na udongo, ungenitilia wewe?"

Watu wakatutazama vibaya, tukaendelea na jeneza, tukamzika bibi yetu.

Asubuhi yake tukarudi getini. Rafiki yangu akarudisha mabuti, akaomba msamaha, na mimi nikamwombea, mimi ambaye siombi mtu. Supavaiza akamtazama kama hamjui. Kidole chake kikanipita, kikarudi, kikasimama kwangu.

"Wewe."

"Bila huyu siingii," nikasema.

Rafiki yangu akanisukuma mgongoni. "Ingia. Tukirudi wote mikono mitupu, utakuwa umenisaidia nini?"

"Unaingia au nichukue mwingine?" supavaiza akauliza.

Nikaingia. Mama mmoja wa kwenye mashine akanipa glavu, akaniuliza, "Yule kijana wa jana alikuwa anaumwa?"

"Haumwi. Alikwenda kuzika."

"Pole zenu," akasema. Kisha akanionyesha maboksi yalipo.