Swali la Paka wa Wamaza

Majirani wa Rachida pale Kasongo walizoea kumcheka. Mwanamke mzima, mke wa mfanyabiashara wa mchele, kila asubuhi anainama uani kuinua mkia wa paka na kuchungulia chini yake! Waache wacheke. Alikuwa anatafuta minyoo. Minyoo ya paka hutoka vipande vipande vyeupe vinavyonata kwenye manyoya, na ukivitazama haraka utaapa ni punje za mchele. Nyumba yao ilikuwa na mchele mpaka chini ya kitanda, kwa hiyo asiye makini angeweza kupitwa na ugonjwa ule mwaka mzima.

Elimu hiyo hakuipata shuleni. Chumba cha mbele walimpangisha Déo, veterinere anayechanja mbuzi na mbwa wa mji, na kwa miaka saba Rachida alipika huku sikio lake likiwa upande wa pili wa ukuta. Ndivyo alivyojua kwamba maziwa humharisha paka, kwamba kidonge cha kichwa kinachomponya mtu kinaweza kumuua paka, hata kipande chake, na kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa inamhusu paka pia. Paka wake, Bibi, alikuwa na kadi ya chanjo iliyotunzwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya mabinti wawili wa nyumba ile. Mabinti walikwisha kuolewa. Kadi ya Bibi ndiyo iliyokuwa bado inajazwa.

Mumewe Atumani hakuwa mtu wa paka. Alikuwa mtu wa pikipiki na magunia. Kila baada ya wiki mbili alikwenda Wamaza kununua mchele kwa wakulima, akakaa huko siku nne, tano, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kwa miaka ishirini na mbili Rachida hakuwa na neno kubwa juu yake. Wote wawili Waislamu. Alijua vizuri kwamba dini inamruhusu mume kuoa tena, wala hakujifanya hajui. Wiki ya kwanza ya ndoa alimwambia, "Siku ukitaka bibi mwingine, uniambie wewe mwenyewe, kwa kinywa yako. Nisisikie kwa watu." Atumani akaapa. Tangu siku ile Rachida aliishi juu ya kiapo kile kama mtu anavyoishi juu ya sakafu ya nyumba yake, bila kuitazama.

Basi mwaka jana Bibi akazaa watatu. Mmoja alikuwa mweupe mwili mzima, ila kuanzia kiunoni mpaka magotini alikuwa mweusi ti, kama amevaa kaptula. Wakamwita Kapitula. Atumani akasema, "Kule Wamaza iko Mzee Emile, ananiwekea magunia. Bibi yake alikufa, iko peke yake na panya. Tumupe huyu."

Huruma ikamshika Rachida. Mzee, upweke, panya, yote kwa pamoja! Akamchanjisha yule mtoto wa paka, akampa dawa ya minyoo, kisha akamkalisha Atumani chini na kumpa masharti. Asiachwe atoke nje, maana hakosekani mtu wa kumtia chunguni. Awekewe beseni la mchanga ndani, na mchanga ubadilishwe kila siku. Samaki apewe bila chumvi. Atumani alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilimshangaza mkewe.

Tangu hapo kila safari ilirudi na swali. Paka wa Mzee Emile anajikuna sikio mpaka damu, tufanye nini? Rachida akauliza: ndani ya sikio kuna uchafu mweusi kama unga wa kahawa? Safari iliyofuata Atumani akaleta jibu, ndiyo, upo, na Rachida akapata dawa kwa Déo na kumwonyesha namna ya kuidondosha na kulikanda sikio kwa chini. Paka anatapika manyoya. Paka analala kitandani, ni vibaya? Rachida alitwanga samaki mkavu akamfungia kwenye kopo, akashona na kigodoro kutoka kitenge chake cha zamani.

Tuseme ukweli, alikuwa na furaha. Mume ambaye kwa miaka mingi alikula akanyamaza sasa alikaa naye mkekani, akauliza, akarudia jibu asije akasahau. Rachida alidhani paka amemrudishia mumewe. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Rachida anachagua mawe kwenye mchele, Atumani anafunga viatu vya safari. Akasema bila kuinua kichwa:

"Eti, mutu iko na mimba anaweza kutoa ile muchanga ya paka?"

Jibu Rachida alikuwa nalo mdomoni. Déo alikwisha kulieleza mara nyingi kwa wateja wake. Akafungua mdomo, kisha mkono wake ukasimama ndani ya mchele. Mimba? Katika nyumba ya mzee anayeishi peke yake na panya?

"Nani iko na mimba?"

"Mutu tu. Jirani ya Mzee."

Tangu lini jirani akasafisha beseni la paka wa mwenzake? Lakini Rachida alisema tu, "Nitamuuliza Déo." Atumani akapiga pikipiki teke, akaondoka.

Hakumuuliza Déo kitu. Alikaa na ule mchele mpaka jua likamfikia, akiyapitia maswali yote moja moja. Analala kitandani. Kitanda cha nani? Na kile kitenge chake, kimetandikwa wapi? Mwaka mzima amekuwa akilea nyumba ya mwanamke mwingine kwa mikono yake mwenyewe, akicheka! Dini haikumkataza Atumani. Yeye Rachida hakumkataza. Angesema tu. Hasira ikampanda mpaka akashindwa kula, siku mbili.

Siku ya tatu akapanda pikipiki ya kijana mmoja, Junior, wakaanza safari alfajiri. Tope lilikuwa mpaka magotini. Mara wapande, mara wasukume. Walifika Wamaza jua limeshalegea, na Rachida akamuuliza mama aliyekuwa anamenya mihogo nje ya nyumba ya kwanza:

"Mama, kwa Mzee Emile ni wapi?"

"Emile gani? Hapa hatuna Emile."

"Iko paka moja mweupe, kama amevaa kapitula."

"Aa, paka ya Feza! Ile nyumba ya mabati mupya."

Feza alikuwa mlangoni, msichana wa miaka ishirini na mitatu hivi, tumbo la miezi saba. Kapitula akatoka miguuni pake, manyoya yanang'aa, macho safi, masikio safi. Mkono wa Rachida ukatangulia akili: akainama, akainua mkia, akachungulia. Hakukuwa na punje hata moja. Yule msichana akacheka.

"Mama, unamuchungulia sawa Yaya Rachida anavyofundisha!"

"Ni miye Rachida."

"Yaya! Yaya ya Atumani! Wifi yangu!" Feza akamkumbatia, tumbo na yote, akampokea mfuko, akatandika mkeka. "Atumani anasema mama yenu alikufa mapema, ni wewe yaya yake ulimulea. Kila kitu ulisema nafanya. Chumvi sijamupa hata siku moja."

Dada yake. Yaya, yaani dada mkubwa, aliyemlea! Rachida akakaa mkekani. Alikuwa amekuja na maneno ya kumpasua mwanamke huyu, na sasa hakuona pa kuanzia, maana huyu naye alidanganywa. Kigodoro cha kitenge chake kilikuwa pale pembeni, kimefuliwa vizuri. Kapitula akampita bila kumnusa, akapanda mapajani kwa Feza. Hata wewe, Rachida akawaza.

"Na ile swali yangu, wifi?" Feza akauliza. "Atumani alisema utamuuliza veterinere. Naendelea kutoa muchanga kila asubuhi, na naogopa."

Rachida akamtazama. Kunyamaza tu kungetosha. Neno moja, "haina kitu," na nani angejua? Alilifikiria hilo kwa muda ambao baadaye ulimwaibisha.

"Acha leo," akasema. "Mavi ya paka inaweza kuwa na ugonjwa, inakufikia wewe, inafika kwa mutoto tumboni. Paka mwenyewe usimufukuze, hana kosa. Nawa mikono na sabuni, nyama ipikwe iive. Lakini beseni atoe mutu mwingine."

"Mutu gani? Tuko wawili tu."

Pikipiki ikanguruma nje. Atumani akaingia, kofia mkononi, akasimama palepale mlangoni.

"Yaya yako amefika!" Feza akasema kwa furaha.

"Miye si yaya yake, mama," Rachida akamwambia polepole. "Niko bibi yake, mwaka wa ishirini na mbili."

Feza akamgeukia mumewe. Atumani akasema, "Rachida, nilikuwa nitakuambia..."

"Uliapa nisisikie kwa watu. Kweli, hakuna mutu aliniambia. Nimeambiwa na paka." Akaenda kwenye beseni, akachukua nusu kibuyu cha kuchotea mchanga, akamtia Atumani mkononi. "Uliniuliza swali, nimekuletea jibu. Utatoa wewe, kila asubuhi, mpaka mutoto azaliwe. Nafasi utapata, sababu kwangu Kasongo hauna kazi tena."

Akachukua mfuko wake, akatoka kumtafuta Junior. Atumani akatazama kibuyu, akatazama beseni, akamtazama Feza. Feza hakunyanyuka kumpokea.