Trei ya Udongo Mezani kwa Mama Mkwe

Kazini walimwita Daktari wa Tope, na jina lenyewe lilimkaa. Miaka ishirini na miwili alikuwa akizamisha bomba ardhini, akivuta udongo mrefu kama muhogo na kuulaza kwenye trei ya mbao, upande wa juu ukiwa mbali na tumbo lake. Wahandisi walimsikiliza. Wakuu wa idara walimsikiliza. Aliyebaki ni mama mkwe.

Mama mkwe alitaka kuongeza chumba upande wa baharini. "Nenda ukamwambie ukweli," mkewe alimsihi. "Mimi hanisikii. Wewe ni mtaalamu."

Akaenda, akazamisha bomba uani, akalaza trei kwenye meza iliyokuwa hapo nje. Mama akavuta kiti, akaketi ng'ambo ya meza.

Udongo haukuficha kitu. Chini kabisa mwekundu, wa nchi kavu. Katikati tope jeusi lenye mizizi ya mikoko. Juu mchanga wa ufukweni na vipande vya makombe. Yaani palikuwa bara, bahari ikapanda, mikoko ikaota. Bahari ikazidi kupanda, ikasukuma mchanga mpaka ukaifunika. Na bado ilikuwa ikija: tope lilelile jeusi lilishaanza kuchungulia ufukweni mbele ya nyumba, mawimbi yakilimega.

Kabla Daktari hajafungua kinywa, mama alishaisoma trei kutoka alipoketi, akianzia na mchanga uliokuwa karibu naye kana kwamba ndio wa chini.

"Kumbe! Kwanza mchanga wa bahari, halafu mikoko, halafu nchi kavu. Bahari inaondoka, mwanangu!"

Alisema hivyo miguu yake ikiwa imezama mchangani.

Daktari alishika trei aigeuze, kisha akaiachia. Kumsahihisha profesa aliweza, tena kwa raha. Huyu alikuwa mama wa mkewe.

"Inategemea na mtu amekaa wapi, mama," alisema kwa unyonge.

"Ndiyo maana nakupenda. Hujivuni."

Nyumbani mkewe alimngoja mlangoni. "Umemwambia?"

"Tumeongea kwa kirefu."

Baada ya miezi mitatu chumba kilikuwa kimesimama, dirisha likitazama maji. Siku ya kukifungua, mama aliwatangazia majirani kwamba hapo pamepimwa kitaalamu, tena na mkwe wake mwenyewe. Kisha akamtia ufunguo mkononi.

"Mimi chumba changu cha nyuma kinanitosha. Hiki nimewajengea wajukuu. Likizo zote watalala hapa."

"Ahsante, mama," alisema, na wanawe wawili wakampita mbio, wakigombania kitanda cha dirishani.