Mshumaa wa Chumbani kwa Mama

Kidonda cha mguu wa mama kilianza kunuka, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia harufu hiyo. Akina mama wa kanisa walipokuja kumwombea, aliniagiza niwaambie amelala. Alikuwa macho, uso ameuelekeza ukutani. Jambo hilo liliniuma sana.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nikipiga taipu katika ofisi moja mjini Kisii, na kila Jumamosi mchana nilirudi kwetu Nyakoe. Jumamosi moja nilipitia duka la Mhindi tulikozoea kununua vitambaa, nikamweleza mkewe shida yangu. Akanitolea mshumaa wa manukato ya waridi ndani ya glasi nene, lakini hakuuachia mpaka aliponifunza kuutunza.

"Kata utambi kwanza, bakisha kidogo tu. Ukiwa mrefu utatoa moshi, mgonjwa atakohoa. Weka juu ya sahani, mbali na pazia. Kuzima usipulize, funika. Na mtu akitoka chumbani, mshumaa uzimwe."

Nilijua kazi itakuwa kwa baba. Nyumba yetu ya kwanza, ya nyasi, iliteketea kwa koroboi iliyoangushwa na paka. Tangu hapo, hata baada ya kuezeka mabati, hakutaka moto nje ya jikoni, isipokuwa taa ya chemni aliyoitundika msumarini kwa mkono wake mwenyewe. Tena hakuwa mtu wa kuketi na mgonjwa. Asubuhi alisimama mlangoni, akamuuliza mama ameamkaje, akaenda zake kwenye migomba. Wanaume wa rika lake waliona hiyo inatosha. Mimi nilimkasirikia kimyakimya.

Nilipomkabidhi, baba aliugeuzageuza mshumaa mkononi.

"Nani atakaa nao ukiwaka?"

"Mimi, Tata."

"Na Jumatatu ukienda kazini?"

Aliuweka mshumaa mezani, akasema, "Basi nitakaa mimi."

Nilidhani ni maneno tu. Jumamosi iliyofuata nilimkuta kwenye kigoda kando ya kitanda, mkasi mfukoni, kifuniko cha sufuria magotini, macho kwenye moto. Dirisha alikuwa amelifunga nusu ili upepo usiusumbue. Akina mama wa kanisa walikuwa wameshakuja, wakaimba, wakaondoka. Mama alikuwa ameketi, amefunga kitambaa safi kichwani, akimuuliza baba habari za ng'ombe, za mpaka wa shamba, za majirani. Baba alijibu yote bila kubandua macho kwenye mshumaa. Katika maisha yangu sikuwa nimewasikia wakizungumza kwa muda mrefu namna ile. Nilisimama mlangoni, nikashindwa kuingia.

Baadaye hospitali ilibadilisha dawa. Mguu haukupona, ila harufu ilipungua. Nta nayo ilikuwa imebaki kidogo chini ya glasi, nami nikaona hakuna haja ya kununua mwingine. Nikamwambia mama hivyo.

Alingoja mpaka baba alipoufunika mshumaa na kutoka nje.

"Ninunulie mwingine," akasema.

"Lakini harufu imepungua, Mama."

"Najua. Huo ukiisha, mzee ataona hana kazi humu ndani."

Nilinunua. Niliendelea kununua mpaka tulipomzika mama.