Uzi Mwekundu Chumbani kwa Mama Mkwe

Nilianza kujifunza kutarizi nikiwa na midomo iliyovimba. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka ziwani mikono mitupu, akakuta chai imepoa, akanizaba kofi. Nilipomwambia si mimi niliyewafukuza dagaa wake wa omena, akaniongezea kwa kasia. Mimi ni Mkuria wa Migori, ulimi wangu haujui kulala. Nikakimbilia nyumba ya mama yake, hapo hapo kwenye boma letu la Rusinga.

Mama mkwe alikuwa mjane, mtu wa maneno machache. Tangu niolewe alinisikia nikipigwa na hakuwahi kutoka nje. Nilimchukia kwa hilo, nasema wazi. Lakini siku hiyo alinishika mkono, akanipitisha pazia hadi chumba anacholala, mahali ambapo mke wa mwana hapaswi kukanyaga. Mwana aliyeoa naye hakanyagi. Akithubutu, Wajaluo husema chira, laana ya kuvunja mwiko, itamla yeye na uzao wake. Mume wangu alibaki upande wa pili wa pazia, akitukana na kupiga mabati kwa ngumi, ila hakuingia.

“Kaa chini, Nyar Migori,” mama mkwe aliniambia, yaani binti wa Migori. Tulizungumza Kiswahili, maana Kijaluo changu kilikuwa kibovu na yeye Kikuria hakukijua kabisa. “Mkono yako imekaa bure. Ipatie kazi.”

Alikuwa anatarizi msalaba kwenye kanzu yake nyeupe ya kanisa. Kamba nyekundu, nene kama ya kiatu, ililazwa juu ya kitambaa kufuata mstari wa kalamu. Uzi mwembamba wa rangi hiyo hiyo ulitoka chini, ukaivuka kamba, ukarudi chini palepale karibu. Kamba yenyewe haikutobolewa.

Nilidhani ni kazi ya mtoto. Nikaichoma kamba katikati, nikavuta uzi hadi kanzu ikakunjamana.

“Yawa! Wacha kuichoma! Unaishikilia tu. Ukivuta sana, nguo inakunja uso.”

Akafumua, nikaanza upya. Kila nilipodunga nilimwona mume wangu, jicho lake, koo lake. Nilitaka afe, na sikuona haya.

Ikawa ndio mtindo. Akinipiga, nakimbilia pazia. Siku aliyoning'oa jino, nilimaliza mkono wa kulia wa msalaba huku natema damu kwenye kopo. Mishono yangu ilinyooka, mwili wangu ukazidi kuharibika. Siku moja nilimuuliza mama mkwe kwa nini hamkomeshi mwanawe.

“Ni mtoto yangu,” alisema, akaukata uzi kwa meno.

Basi nikajua. Siku atakapolazimika kuchagua, mimi ndiye nitakayetupwa nje.

Siku yenyewe ilifika kanzu ikikaribia kwisha. Zilibaki ncha mbili za kamba, ambazo huvutwa hadi upande wa chini kwa sindano ya gunia. Nilikuwa nimeishika sindano hiyo mume wangu alipokuja amelewa chang'aa, panga mkononi.

“Mtoe huyo!”

“Hapa huingii,” mama yake alijibu.

Akalirarua pazia, akaingia. Alinikamata nywele, akainua panga. Nikamdunga pajani kwa nguvu zangu zote, mpaka kiganja changu kikagonga suruali yake. Alilia kama ng'ombe, panga likaanguka. Akaichomoa sindano na kuitupa, damu ikamwagika mkekani.

Mama mkwe akaliokota panga. Nilifumba macho, nikangoja.

“Toka,” nilimsikia akisema. Nilipofumbua, panga lilimwelekea mwanawe.

“Mama, amenidunga!”

“Nimeona. Na wewe umeingia.”

Alitoka akichechemea, akishika ukuta. Mama mkwe alilisukuma panga chini ya kitanda. Akaitafuta sindano, akaipangusa damu kwa leso yake, akanirudishia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

“Ncha bado iko nje,” alisema. “Maliza, kesho nikupeleke kwenu.”

Nikazivuta zote mbili. Kesho yake alinisindikiza hadi Migori akiwa amevaa kanzu ile. Mama yangu mzazi alipomkaribisha kiti, alikataa kukaa.

“Nimekurudishia mtoto yako,” alimwambia. “Yangu akikuja kumfuata, usimfungulie mlango.”