Mkeka wa Siti ya Mbele

Nichekeni sasa hivi, mwanzoni kabisa, mkimaliza mniache nisimulie kwa amani, maana ni mwaka wa pili huu na bado nikipita stendi ya Mikumi kuna dereva wa bodaboda hunipigia honi ndefu halafu anajifanya anaangalia pembeni. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule niliyefika nyumbani kwa wazazi wangu, mbele ya koo mbili na simu zinazorekodi, nikiwa nimempakata mama mkwe.

Lakini lazima kwanza mlijue gari, kwa sababu bila lile gari mimi ni mtu wa heshima zangu. Ni la Mjomba Elia wa Mabwerebwere, kaka yake mama, aliyekuwa fundi wa misheni miaka mingi mpaka muuguzi mmoja Mmarekani alipofunga mizigo kurudi kwao na kumwachia ufunguo. Valiant, ya miaka ya sitini. Mjomba husema zamani Wamarekani walitengeneza magari makubwa mno, wakaona watu wao wameanza kupenda vigari vya Ulaya, nao wakakaa chini wakabuni kadogo, na hako kadogo kao ndiyo hii (nimeipima kwa hatua, imeizidi Toyota IST ya jirani kwa hatua nzima, sasa sijui kubwa lao lilikuwaje). Usukani uko kushoto. Gia hazina mkono wa kuvuta, ni vitufe kwenye dashibodi karibu na mlango wa dereva, unabonyeza D unakwenda, R unarudi nyuma, N linapumzika. Injini imelala upande, haikuharibika, walioitengeneza waliilaza makusudi ili boneti isiinuke sana, na kwenye mfuniko wa buti kuna umbo la tairi la akiba limechorwa kwenye bati lenyewe, wakati tairi la kweli liko ndani. Nimelijua gari hilo tangu nikiwa mtoto na kila Mjomba anapofungua boneti mimi hujikuta nimevua kofia.

Mbele halina siti mbili. Ni siti moja ndefu, toka mlango huu mpaka ule, wanakaa watu watatu bila kugombana. Na juu ya ile siti Mjomba alitandika mkeka wa ukindu, mkongwe, umekatika pembeni, ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Sasa. Nilikuwa nimemchumbia Rehema, muuguzi wa hapo Mikumi, mtoto wa Chanzuru. Baba yake alinikubali. Mama yake alikuwa bado, maana aliambiwa mimi ni mtu wa maneno mengi, na miezi yote ile hakuwahi kuniita jina, nilikuwa "huyo kijana" tu. Nikimwamkia shikamoo nikiwa mbali, kama inavyotakiwa, aliitikia marahaba akiwa ameutazama mnazi wa jirani. Kwa wazee wetu wa pande zote mbili mwanamume na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, na hawakai kiti kimoja. Ikapangwa siku ya wao kuja kupaona nyumbani kwetu Mikumi, na kama Mama Rehema angerudi ameridhika, tarehe ya harusi ingetajwa. Asiporidhika, basi. Rehema alinipigia akaniambia nikodi gari la Noah, niwe mpole, nisiongee sana.

Mimi nikaenda kwa Mjomba kuomba Valiant.

Akanipa ufunguo, akasema, "Mkeka usiutoe." Nami nikaitikia ndiyo Mjomba, nikaliendesha mpaka nyuma ya kanisa, nikautoa mkeka, nikauviringisha nikautia kwenye buti. (Mngeiona ile siti chini yake! Nyekundu iliyoiva, laini, haina hata mkwaruzo.) Uzuri wote ule umefunikwa na ukindu uliochanika, na wakwe wanakuja? Nikanunua kopo la polishi ya dashibodi, nikaipaka siti mara mbili, mara ya tatu nikapaka kwa furaha tu. Iling'aa mpaka nikajiona uso.

Chanzuru majirani walitoka wote. Baba Rehema alizunguka gari mara mbili mikono nyuma, akaligusa lile tairi la bati, akasema tu, "Hawa watu." Akaingia nyuma pamoja na Shangazi, dada yake, na kikapu cha mchele na kuku wawili. Mama Rehema akikaa nyuma hutapika, hilo linajulikana Chanzuru nzima, kwa hiyo mbele hapakukwepeka. Shangazi akapendekeza ahame akae katikati yetu. Hapo ndipo ningenyamaza na leo tusingekuwa na hadithi. Lakini akikaa katikati Mama Rehema asingeviona vile vitufe, nami nilitaka avione, kwa hiyo nikamwambia Shangazi kwa sauti ya kitaalamu kwamba hakuna haja, hizi ni siti mbili, zimeshonwa pamoja tu, na huu mshono wa katikati ndio mpaka.

Mama Rehema aliutazama mshono. Ni mama mwenye mwili wake, alivaa gauni la kitambaa cha kuteleza na kilemba kilichopanda juu, na alikaa kwa adabu amejibana kwenye mlango wa kulia. Mimi ni mfupi, miguu haikufika vizuri kwenye pedali, nikavuta kile chuma cha chini kusogeza siti yangu mbele. Siti ikasogea. Yote. Mama Rehema akaja nayo mpaka magoti yakagusa dashibodi, na majirani wakaangua kicheko, na Shangazi huko nyuma akasema, "Kumbe na mpaka unahama." Nikabonyeza D haraka tukaondoka.

Kilosa mjini watu walisimama kutazama, na kwa kuwa yeye alikaa kulia ambako kwetu ndiko anakokaa dereva, wanawake walimpungia wakidhani ndiye anaendesha. Nikachungulia kwa jicho moja, nikaona amenyoosha shingo kidogo. Nilifurahi mno. Nikaanza kumweleza Shangazi (ili yeye asikie) habari za injini iliyolala.

Kisha zikaanza kona. Kona ya kushoto haikuwa na neno, alibaki mlangoni kwake. Ya kulia ya kwanza, niliona kwa pembeni kitu kinakuja, taratibu, bila kelele. Alikuwa ameteleza mpaka kwenye mshono, mikono imeshika pochi, uso unatazama mbele kana kwamba hakuna linalotokea. Nikajibana kwenye mlango wangu. Kona ya kushoto ikamrudisha. Ya kulia ikamleta tena, safari hii akavuka mshono kwa kiganja kizima. Kuanzia hapo kila kona ya kulia niliipita polepole kiasi kwamba baiskeli zenye magunia ya mkaa zilitupita, na jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi, na moyoni nilikuwa naomba ile barabara inyooke mpaka Mikumi.

Tukafika. Lango la nyumbani liko mkono wa kulia. Nikaona turubai, nikaona ndugu wote, mama yangu mbele na kanga mpya, Rehema pembeni yake, vigelegele vikapanda, simu zikainuliwa, nami, jamani, nikasahau. Nilitaka kuingia kwa madaha. Nilikata kona ile kama kijana.

Mama Rehema alikuja mzima mzima kwa mara moja. Mshono aliupita bila kuuaga. Mkono mmoja ulinikaba shingo, kilemba kikanifunika macho, kiwiko kikatua kwenye honi kikabaki hapo hapo, na mguu wangu wa kulia ukawa umekaliwa. Ndugu zangu kusikia honi ndefu wakajua ni shangwe, wakaongeza vigelegele. Mimi gizani natafuta kitufe cha N kwa mkono wa kushoto, nikakipata, nikabonyeza, kumbe ni R. Gari likaanza kurudi lilikotoka, polepole, linapiga honi, na watu wakalifuata wanaimba.

Hapo ndipo nikasikia sauti sikioni mwangu, ya utulivu kabisa, ikiniambia, "Mkwe wangu, breki."

Nikaikanyaga kwa mguu wa kushoto. Mlango wangu ukafunguliwa na mama yangu mzazi. Nyimbo zikakatika pale pale.

Sitaki kusimulia chakula kilivyoliwa. Baba Rehema alisema kwa upole kwamba habari ya tarehe ingoje kwanza, wazee wakae. Waliondoka kwa Noah. Rehema hakupokea simu yangu siku tisa. Ile video ilifika Morogoro kabla ya wao kufika Chanzuru. Na katika aibu yote ile nilishikilia kitu kimoja tu, kwamba aliniita mkwe wangu. Labda ilikuwa hofu. Lakini aliniita.

Nilipomrudishia Mjomba gari alifungua mlango wa mbele, akapitisha kidole kwenye polishi, akanusa. Akaenda kwenye buti mwenyewe akautoa mkeka. Akautandika, akaulainisha kwa viganja, ndipo akaniambia, "Huu alinisukia marehemu mama mkwe wangu. Unadhani wewe ndiye wa kwanza?" Akakaa juu ya mkeka akacheka mpaka machozi, nami nikabaki nimesimama nautazama ule ukindu uliochakaa, nikiona haya kuliko nilivyoona Mikumi.

Mwezi wa pili baada ya aibu ile Rehema alinifuata Kilosa, ninakoishi, kwa basi, amebeba kitu kimeviringishwa kwenye kanga. Akanipa. Nikafungua. Mikeka ya ukindu, mipya, bado inanukia, imesukwa kwa mishono ya kubana isiyoteleza. Ilikuwa miwili. Kila mmoja umekatwa sawasawa na nusu ya siti ya Valiant, na mimi sikuwahi kumwona mtu akiipima siti ile, kwa hiyo Mama Rehema aliipima kwa macho, huku anateleza.

Nikamwuliza Rehema mama amesemaje.

"Kasema mwambie mkwe wangu," Rehema akanijibu, "sasa ni siti mbili."

Tangu siku hiyo nikiambiwa usitoe kitu, sitoi. Na polishi ya dashibodi siinunui tena maishani, hata ya kuwapa watu.