Mpaka Mwekundu wa Bonifasi

Kwa miaka tisa hakuna mtu wa kijiji cha Nandule aliyekata hata mpini wa jembe katika msitu wa hifadhi bila Bonifasi kujua. Alikuwa mlinzi asiye na mshahara, asiye na sare, asiye na bunduki. Alikuwa na filimbi, kopo la rangi nyekundu na ulimi, na watu waliogopa ulimi.

Alizaliwa Nachingwea mwaka 1950, wakati baba yake, Mmakua kutoka Masasi, alipokuwa kibarua katika mashamba ya karanga ya Waingereza. Mashamba yakafa, Waingereza wakaondoka, baba akabaki. Alihamia Nandule, chini ya mlima, mahali ambapo Nachingwea inakwisha na Ruangwa inaanza, akapanda mikorosho. Bonifasi alirithi mikorosho hiyo pamoja na imani ya baba yake kwamba kila jambo lina sheria, na kama halina, itungwe upesi. Mwaka 1996 kijiji kilipotakiwa kuchagua mlinzi wa msitu, hakuna aliyethubutu kushindana naye. Wiki ya kwanza aliziba kwa miiba njia ya mkato iliyopita msituni kwenda hospitali ya Mnero, kwa kuwa wachoma mkaa nao waliitumia. Wiki ya pili alimkamata mkewe.

"Kuni hizi zimetoka wapi, Lusiana?"

"Msituni, Baba Josephina. Zilianguka zenyewe."

"Na mgongoni mwako zilipanda zenyewe?"

Lusiana alifagia zahanati ya kijiji siku tatu, na kwa siku hizo tatu Bonifasi alikula ugali bila mboga. Kijiji kilicheka, lakini kilimheshimu. Mtu anayemhukumu mkewe, walisema, hatamwonea jirani.

Sasa tulitazame kosa lake, maana hata mti mnyoofu una fundo. Shamba lake la mikorosho lilipakana na msitu, na mpaka ulijulikana kwa miti aliyoizungushia rangi nyekundu kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 2002 kila mtu, Nachingwea na Ruangwa, alikuwa analima ufuta. Mwaka huohuo upepo uliangusha mti mmoja wa mpakani. Bonifasi alisimama hapo na kopo lake akijiuliza mpaka umekwenda wapi, kisha akaupaka rangi mti wa nyuma yake. Palibaki nafasi ya mistari mitatu ya ufuta. Mwaka uliofuata aliona mpaka umepinda, naye hakupenda kitu kilichopinda, basi akapaka rangi miti mingine sita ya ndani ili unyooke. Kufikia mwaka 2005 alikuwa na ekari moja kasoro robo ya ufuta ndani ya hifadhi, umejificha nyuma ya mikorosho. Hakuna aliyepita huko. Njia ilikuwa na miiba, na mwenye kukagua alikuwa yeye.

Mwezi wa Mei mwaka huo, ufuta ukikaribia kukauka, ulikuja mradi. Afisa wake alikuwa dada mmoja kutoka Bukoba, Catherine, aliyeandika kila neno alilolisikia. Alifuatana na Mdachi mmoja mrefu mwenye baiskeli ya matairi manene. Wazee waliizunguka baiskeli ile mara mbili.

"Haina keria," alisema mmoja.

"Haina madigadi wala kengele."

"Maskini, labda aliibiwa njiani."

Kwenye mkutano wa kijiji Catherine alieleza kwamba mradi unataka kuchonga njia ya baiskeli, upana wa hatua mbili, ipande mlimani kwa kufuata mpaka wa msitu kwa ndani, halafu ishuke upande wa pili hadi barabara ya Mnero. Watalii watakuja kuipanda.

"Huko juu wanafuata nini?" aliuliza mwenyekiti, Mzee Tadeo.

"Hawafuati kitu, mzee. Wanapanda, halafu wanashuka."

"Wamebeba mzigo gani?"

"Hawabebi mzigo."

Aliyedakia ni Masoudi, Myao, jirani yake Bonifasi. "Sasa dada, hao wamekosa nini kwao hata wakapewa adhabu hiyo?"

Watu walicheka, Mdachi naye akacheka bila kuelewa. Bonifasi hakucheka. Alikuwa akikitazama kidole cha Catherine kikipita juu ya ramani. Kilipita mikoroshoni, kikapita kwenye miti yenye rangi, kikapita katikati kabisa ya ufuta wake. Njia ikichongwa, siku ya kwanza tu mpimaji angeuona, na siku ya pili Bonifasi asingekuwa mlinzi wala mtu.

Akasimama, akazungumza kwa robo saa nzima. Alisema msitu ni amana, kwamba njia ni mlango, na mlango hauchagui wa kuingia: leo mtalii, kesho mchoma mkaa. Alitaja chemchemi, nyuki na wajukuu wasiozaliwa. Yalikuwa maneno mazuri na ya kweli, na hapo ndipo penye ubaya wake, maana ukweli ukitumwa kulinda uongo huvaa nguo safi kuliko siku zote.

Masoudi akainuka tena.

"Msimsikilize mla panya huyu! Anakataa njia kwa sababu ana shamba lake humo ndani ya msitu!"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Wanawake walipiga vigelegele.

Ni lazima ijulikane kwamba Wayao na Wamakua wa huku ni watani. Mtani anaweza kukuzulia wizi, uchawi au kuhara mbele ya wakwe zako, na ukikasirika, wa kuonewa aibu ni wewe. Msibani atalala kaburini adai kwamba shimo ni lake. Hakuna anayeyachukua maneno yake kuwa ushahidi. Lakini Catherine, mgeni wa mambo hayo, alikwisha kuandika.

"Jina la mtuhumiwa ni Bonifasi nani?" aliuliza.

"Futa hiyo, mwanangu," alisema Mzee Tadeo akijifuta machozi ya kicheko. "Huo ni utani tu."

Catherine akafuta. Mkutano ukaahirishwa hadi wiki iliyofuata.

Bonifasi hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Masoudi, akamkuta barazani anasuka tenga la kuku.

"Umejuaje?"

"Nimejua nini?"

"Usinifanye mtoto, Masoudi. Habari ya shamba."

"Shamba lipi?"

"La ufuta. La kule ndani."

Tenga lilimponyoka Masoudi likabingirika hadi uani. Alikaa kinywa wazi, na watu waliomjua Masoudi watakuambia kwamba hilo halikuwa jambo la kila siku.

"Lipo kweli?"

Bonifasi akatambua amejifunga kwa kamba yake mwenyewe.

"Mmakua wewe!" Masoudi alishika kichwa. "Nilikaa pale nikatafuta uongo mkubwa kuliko wote. Nikasema nimwite mlevi, nikaona watu wanaweza kuamini. Nikachagua hilo la shamba kwa sababu haliwezekani!"

"Utasema?"

"Nimeshasema! Mbele ya watu mia mbili! Nikisema tena watacheka tena. Umeniharibia utani, Bonifasi. Nimetania ukweli, sasa huo ukweli nitausemea wapi?"

Masoudi alijaribu, hata hivyo. Juma lile alisema kisimani, akasema kwenye kahawa, akasema baada ya swala ya Ijumaa. Kila mahali watu walishika mbavu. Mzee mmoja alimwomba arudie, mkewe hakuwa amesikia vizuri.

Nyumbani, Lusiana alikuwa na shauri lake.

"Ufuta umeanza kufungua midomo, Baba Josephina. Tuvune tuchome mabua, nani atajua?"

"Huo utakuwa wizi, Lusiana."

"Na ulio shambani sasa hivi unaitwaje?"

Bonifasi alitafuta sheria inayohusika, hakuipata.

"Mimi kwa mzigo mmoja wa kuni nilifagia siku tatu," Lusiana aliendelea akipepeta mchele. "Ekari moja ni mizigo mingapi?"

Siku ya mkutano wa pili ilifika. Bonifasi alikuja amevaa koti, akijua kwamba ameshinda, kwa sababu wiki nzima watu walikuwa wakirudia maneno yake ya amana na mlango. Mzee Tadeo aliuliza kama kuna mwenye neno kabla ya kunyoosha mikono. Akasimama Letisia, binti wa kitongoji cha juu, mjamzito wa miezi minane, mkono mmoja kiunoni.

"Mimi niliitaka njia hii," alisema. "Si kwa ajili ya Wazungu. Kuzunguka mlima hadi Mnero ni saa tatu juu ya baiskeli, na mnaniona nilivyo. Kwa njia ya msituni ni saa moja. Lakini Baba Bonifasi amesema itaua msitu, na Baba Bonifasi hajawahi kutudanganya. Alimkamata hata mkewe. Basi nitazunguka."

Akakaa, polepole, kwa hatua tatu, kama wanavyokaa wajawazito.

"Wanaokataa njia, mikono juu," alisema Mzee Tadeo, na mikono ikaanza kuota kama uyoga.

Bonifasi aliyafunga macho, akayafungua, akasimama.

"Shusheni mikono. Masoudi alisema kweli. Nina shamba ndani ya msitu."

Kicheko kilichotokea siku hiyo kilisikika, wanasema, hadi kijiji cha Naipingo.

"Leo Mmakua amejibu!"

"Amemweza Myao! Wiki nzima alikuwa anatunga!"

"Sijibu!" Bonifasi alipaza sauti. "Ni ufuta! Ekari moja kasoro robo!"

"Kasoro robo!" Mzee mmoja alijipiga goti. "Amepima kabisa!"

Ndipo Masoudi akainuka, uso mkavu, mikono kifuani. "Jamani, mimi Masoudi nasema: leo hatutanii."

Hapo watu walianguka chini. Mzee Tadeo mwenyewe aliomba maji. Catherine aliinua kalamu, akaishusha, akaiinua tena, akamtazama mwenyekiti kama mwanafunzi asiyejua swali ni lipi.

Bonifasi aliona kwamba kwa maneno hataaminika kamwe. Maisha yake yote alikuwa amejenga sifa ya kutokosea, na sasa imemgeukia kuwa ukuta asioweza kuuruka. Alivua koti, akamkabidhi Lusiana, akaanza kutembea kuelekea mlimani. Masoudi alimfuata. Lusiana alimfuata. Watoto wakafuata kwa kuwa watoto hufuata, Catherine na Mdachi wakafuata, na mwisho kijiji kizima, wakicheka bado, wakitaka kuona watani wale wataufikisha wapi mchezo wao.

Walipita mikoroshoni. Walifika penye miti ya rangi nyekundu iliyopauka, na Bonifasi akasema, "Huu ndio mpaka." Kisha akaupita. Kicheko kikapungua. Wakakanyaga visiki. Mbele yao ufuta ulisimama umekauka, mrefu kuwafikia begani, na nyuma yake miti mingine, rangi yake nyekundu mpya ikimeremeta.

Hakuna aliyecheka tena. Kilichosikika ni vitumba vya ufuta vikipasuka kwa jua, mbegu zikidondoka chini.

"Baba," alisema Letisia, aliyefika wa mwisho, akihema, "basi ulikuwa tayari nizunguke?"

Bonifasi alikipangusa kisiki kimoja kwa kiganja ili mwanamke yule akae.

Mzee Tadeo, aliyeona haya kwa ajili yake, alianza kusema kwamba kila mtu hukosea, labda aachwe, labda waseme mpaka ulipimwa vibaya. Bonifasi alimkatiza.

"Mwenyekiti, kama ningekuta shamba hili ni la Masoudi, ningefanya nini?"

"Ungeniua," alisema Masoudi.

"Ningelitwaa na kumpeleka mbele ya mkutano. Basi niko mbele ya mkutano."

Wakahukumu palepale, wima, kati ya mashina. Ufuta uvunwe na uende zahanati. Bonifasi aache ulinzi. Miiba iondolewe na njia ichongwe, ipite hapo ufutani, ambako miti ilikwisha kukatwa. Mikono iliyoinuka ilikuwa mingi, na wa kwanza ulikuwa wa Bonifasi. Kisha akaomba mundu, maana ufuta ukishafungua mdomo haungoji mtu amalize kusikitika. Walivuna hadi saa kumi jioni. Catherine alishika turubai, na Mdachi akapewa mzigo wa kubeba, ili walau mara moja ashuke na kitu.

Njia ilikwisha mwezi wa Julai, lakini Letisia alikuwa amekwisha kujifungua Juni kwa kuzunguka mlima saa tatu, juu ya keria ya baiskeli ya Bonifasi aliyekuwa anaisukuma kwa miguu. Hilo lilikuwa deni la mtu mmoja kwa mtu mmoja, nami sitalitia chumvi. Watalii walikuja mara mbili, wakapanda, wakashuka, wakashukuru. Wagonjwa wa kitongoji cha juu wanaipita njia ile hadi leo.

Mwaka 2007 ulinzi ulikuwa wazi tena, na Bonifasi akagombea. Aliwaambia watu kosa lake upya, kwa vipimo, kana kwamba kuna aliyelisahau, kisha akakaa. Mikono ilihesabiwa. Alipata kura nne, na zingekuwa tano kama Masoudi asingeamriwa kushusha mkono mmoja kati ya miwili aliyoinyoosha.

Wakirudi nyumbani, Lusiana alisimama mikoroshoni.

"Baba Josephina, usinichukie. Mimi sikunyoosha."

"Umefanya sawa," alisema Bonifasi. "Hata mimi sikunyoosha."